Madaraja Mawili Hadi Gati ya Wageni

Jumamosi, 4 Oktoba
Nimeshatamka, sirudi nyuma. Mama mkwe wangu, Bi Ulfat, mwaka wa tatu huu hajamwona dada yake anayekaa kijijini, ndani ya mikoko. Kiuno chake hakitaki barabara ya mashimo. Leo Hafiz, mume wa shemeji yangu, akajigamba kuwa gari lake jipya halitikisi mtu. Mbele ya watu wote! Nikasema Mama nitampeleka kwa boti. Boti ninayo tangu mwezi uliopita. Kuendesha bado najifunza. Mke wangu Mashavu alinitazama kama anavyotazama maziwa yanayotaka kufurika.

Jumapili, 5 Oktoba
Nimepeleleza. Mkondo wa kwendea gati ya wageni ya huko kijijini una madaraja mawili ya mbao, ya kupita watu kwa miguu. Katikati kila moja lina kipande kinachoinuliwa kwa kamba. Mwinuaji ni mmoja, Bi Mwanapili, anakaa baina ya hayo mawili. Maji yakipwa, boti inaenea chini ya daraja lakini maji hayatoshi. Yakijaa, paa la boti linagonga. Nani alipanga hivi?
Mashavu kanishauri niling'oe paa. Paa nililolipaka rangi mwenyewe! Akasema basi nimpigie simu Bi Mwanapili, nimuombe vizuri. Nimekataa. Nahodha mzima nimbembeleze mtu wa kamba?

Jumatatu, 6 Oktoba
Alasiri tumefika daraja la kwanza, maji yanajaa. Bi Mwanapili alikuwa anakosha mikeka. Nikapiga kelele afungue, upesi. Akaendelea kukosha. Nikapiga tena. Akageuza mkeka.
Mama akaniambia ninyamaze. Akamwita kwa upole, akamuuliza kashindaje, na watoto, na huo mkeka kausuka mwenyewe? Daraja likainuka.
Tukapita. Nikamwambia akimbilie la pili, tuna haraka. Akasema anakwenda kusali kwanza, tungoje.
Sikungoja. Nilipima kwa jicho. Jicho lilikosea kama shubiri moja. Paa likanasa chini ya daraja, na maji bado yanapanda! Likalia kraa, likapasuka. Bi Mwanapili alipotoka kusali, akanitazama, akamvuta Mama juu ya daraja, mimi akaniacha. Maji yalipopwa, boti ikakaa kwenye tope, nami ndani yake.
Huko juu, vicheko. Kumbe Mama na Bi Mwanapili walisoma chuo kimoja cha Kurani utotoni! Wakala pweza kwa muhogo. Mimi nililetewa mwishoni, kwenye bakuli lenye mfuniko, nikaambiwa nisimwage.
Usiku akaja Hafiz na gari lake, Mashavu pembeni. Akamwambia Mama kwa sauti ya huruma apande, watafika dakika kumi. Nikainamisha kichwa.
Mama akajibu, "Mimi nshakula, nimepata na pa kulala. Kesho nnakwenda kwa boti ya mkwe wangu Borafya."
Hafiz akaondoka. Mashavu akabaki, akavua viatu, akaingia topeni kuniletea shuka.

Jumanne, 7 Oktoba
Bi Mwanapili kalikata paa lote kwa msumeno. Sikubisha. Nilimsalimia mara tatu kwa tahadhari.
Saa kumi, maji yalipojaa, akainua daraja. Tukaenda polepole, Mama mbele, Mashavu kashika usukani kwa muda mwingi.
Dada yake alikuwa amesimama gatini tangu adhuhuri. Wakashikana mikono, wanatazamana. Kisha Mama akawatangazia watu, "Huyu ndiye aliyenileta."
Nikajishughulisha na kamba. Nimefunga mafundo manne. Lingetosha moja.

Jumatano, 8 Oktoba
Mwenyeji wetu, dada yake Mama, anaozesha mtoto wiki ijayo. Nimemuahidi nitawaleta wageni wake wote kutoka mjini, watu thelathini, kwa safari moja. Mashavu kanikumbusha kuwa boti inachukua wanane. Nimemfahamisha kuwa hao wanane ni hesabu ya watu waoga.