Tafadhali Mkamateni Shemeji Yangu

Kwa Meneja Mkuu wa Shirika la Reli

Ndugu Meneja,

Mkuu wa stesheni yenu kubwa ametangaza leo asubuhi, kwa kipaza sauti, kwamba mkagua tiketi bora wa mwezi huu ni bwana mmoja mgeni, mwenye nidhamu na asiyependa maneno mengi. Muuza magazeti wa pale mlangoni, ambaye anajua lugha yetu kidogo, ndiye aliyenitafsiria. Watu walipiga makofi. Napenda kukuarifu kwamba bwana huyo hajaajiriwa na shirika lako. Ni abiria. Hapendi maneno mengi kwa sababu hajui lugha yenu hata ya kuombea maji.

Ni rafiki yangu tangu shule, na ni mume wa dada yangu. Alikuwa mkagua tiketi katika reli ya kwetu hadi alipostaafu mwaka jana. Wenzake walimwita Koleo, kwa ajili ya lile koleo la kutobolea tiketi ambalo mpaka leo halimtoki mfukoni. Tangu astaafu, kazi yake imekuwa kusimama mlangoni kwake na kuwauliza wageni wa dada wanakwenda wapi. Dada akaniomba nimtoe kidogo, akabadilishe hewa. Mimi ni mwandishi wa habari, safari si kitu kigeni kwangu, nikakubali. Alipotusindikiza aliniambia jambo moja tu: "Umeondoka naye, utarudi naye." Treni yetu ya kurudi inaondoka Jumamosi. Koleo amesema hapandi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kona iliyo baada ya daraja. Siku ya kwanza hakupita mkagua tiketi yeyote behewani kwetu. Koleo alivumilia mpaka kijasho kikamtoka. Alikuwa amevaa kofia yake ya bluu na koti la bluu la vifungo vya shaba, aliloshonewa kwa arusi ya binti yake. Hatimaye akainuka kwenda msalani. Treni ilipokata kona alinyoosha mkono ashike kiti asianguke, na abiria aliyekaa pale akamwekea tiketi mkononi. Naomba izingatiwe kwamba hakuiomba. Aliitazama, akatoa koleo, akaitoboa. Mkono ulikwenda wenyewe. Shirika linalotandika reli yenye kona kali namna ile haliwezi kukwepa sehemu yake ya lawama.

2. Abiria wenu. Hapa nasema bila kuficha. Behewa zima lilitoa tiketi. Mwanamke mmoja alimwamsha mumewe kwa kiwiko ili naye atoe. Bwana mmoja mwenye tai, aliyekuwa amekaa daraja lisilo lake, alichukua mkoba wake akahamia nyuma kabla hajaambiwa, tena akiomba radhi. Hakuna aliyeuliza huyu ni nani. Hakuna aliyeona kwamba beji iliyo kwenye koti ni ya kamati ya arusi. Ndugu Meneja, watu wazima wenye akili zao watampaje tiketi mtu yeyote anayenyoosha mkono? Je, akija mwingine akanyoosha mkono akataka viatu?

Kwetu Koleo alifanya kazi hiyo maisha yake yote, na sidhani kama aliwahi kumaliza behewa moja. Huyu amelala ghafla. Yule anashuka hapo mbele tu. Wa tatu tiketi yake iko kwa mkewe, behewa la nyuma, na mke hayupo. Wa nne anamuuliza kama anamjua mjomba wake. Siku hiyo alirudi alikokaa, akanisogelea, akaninong'oneza: "Shemeji, wananionyesha tiketi." Nilidhani anafanya mzaha. Macho yalikuwa yamemlowa.

3. Mkagua tiketi wenu halisi. Huyu alitokea siku ya pili. Alikuta tiketi zote zimetobolewa, tena matundu yamepangwa kwa mstari. Nilitarajia aite askari. Badala yake alimpa Koleo mkono, akakaa kiti cha Koleo, akalala. Alinilalia begani mpaka mwisho wa safari ya siku hiyo. Siku iliyofuata alikuja na mto.

4. Filimbi. Jambo hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kwenye stesheni moja ndogo nilishuka kununua maji. Nilipokuwa nangoja chenji, filimbi ikalia. Niligeuka nikamwona Koleo amesimama mlangoni mwa behewa, filimbi ya yule mlalaji mdomoni, mkono juu. Aliniona, Ndugu Meneja. Tulitazamana. Nikamwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Treni ikaondoka. Baadaye nilipomuuliza alinijibu kwa upole kabisa: "Treni haiwezi kumsubiri mtu kwa sababu ni shemeji."

Nilipanda treni iliyofuata. Humo, kwa bahati yangu, mlikuwa na mkagua tiketi pekee mwenye bidii katika nchi yenu. Nilimweleza, kwa ishara na kwa maneno machache aliyonifundisha muuza magazeti, kwamba tiketi yangu iko treni ya mbele, kwa shemeji yangu, na kwamba shemeji yangu huyo ni mkagua tiketi. Aliwaeleza wenzake. Walicheka mpaka wakashikana. Kisha wakanishusha. Nilingoja kwenye benchi hadi nilipochukuliwa na treni ya mizigo, nikafika mjini nimekaa juu ya magunia ya saruji. Treni ya Koleo, kwa kuwa haikunisubiri, ilikuwa imewahi. Ndiyo sababu ya ile tuzo.

Sasa mmempa sare. Mmempa kitanda katika bweni la wafanyakazi, na jina lake limebandikwa kwenye kabati. Nimemweleza habari za dada. Amesema dada ana afya njema na nyumba ni imara. Nimemweleza habari za Jumamosi. Amesema Jumamosi yuko zamu.

Kwa hiyo naomba akamatwe. Nasema hivi nikiwa mtu anayempenda. Akamatwe taratibu, bila kuvuliwa kofia mbele za watu, na apelekwe hadi mpakani ambako nitampokea.

Ikiwa askari wenu nao watampa tiketi zao, ambalo ni jambo ninalolihofia, nina ombi la pili. Wateuliwe abiria watatu. Wa kwanza ajifanye amelala. Wa pili aseme tiketi iko kwa mkewe. Wa tatu amuulize kama anamjua mjomba wake. Naamini kabla ya kumalizana na huyo wa tatu atakuwa ameshajiona yuko nyumbani, naye atavua sare mwenyewe na kurudi kwao.

Nisalimie mkuu wa stesheni na kipaza sauti chake, wapakiaji wa saruji, na mfanyakazi wako anayenilalia begani. Mwambie mto wake ninao.

Wako katika kungoja,
Shemeji wa Koleo

Tanbihi: Barua hii nimeileta mwenyewe kwenye dirisha la malalamiko. Njiani muuza magazeti alinieleza kwamba tangu leo, baada ya ile tuzo, dirisha hilo limepewa mtu mpya asiyejua lugha yenu, na kwamba malalamiko tayari yamepungua sana. Nyuma ya kioo alikuwa Koleo. Ameisoma yote, polepole, kwa kuwa ndiyo ya kwanza kuletwa hapo ambayo anaielewa. Alipofika kwa wale abiria watatu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alinyoosha mkono tu. Nami nikaingiza mkono mfukoni nikampa tiketi, ile aliyonirudishia nilipofika mjini.

Aliigeuza pande zote mbili. "Hii ya juzi, shemeji," akasema.

Maneno haya nayaongeza nyuma ya karatasi, kwa kalamu yake, huku akinisubiri. Natakiwa kufika hapa mbele yake Alhamisi, saa nne asubuhi, nikiwa na maelezo.