Taa ya Kirumi Chini ya Mgomba

Jumapili, 12 Januari

Harub, jirani yangu, amechimbua mtungi wa kale shambani mwake. Una ufa! Lakini kijiji chetu kizima, Birkat al Mauz, kimehamia barazani kwake. Mimi nimepika kahawa kama kila asubuhi, nimepanga tende, nimeacha mlango wazi. Aliingia paka. Paka wa Harub.

Khulood kapiga simu kutoka Sur. Binti yangu huyu anasomesha historia na hajatia mguu hapa tangu Idi Kubwa. Kauliza kwanza habari za mtungi! Kisha ndiyo zangu.

Nimeumia. Lakini wazo nimelipata. Mtungi kitu gani? Mimi nitachimbua taa ya Kirumi, na Khulood atakuja mbio.

Jumatatu, 13 Januari

Nimesoma kwenye simu mpaka macho yakaniwasha. Warumi walikandamiza udongo katika kalibu mbili, nusu ya chini na nusu ya juu, wakaziunga, wakachoma kwenye tanuri. Wenye uwezo walikuwa na taa za shaba. Mafuta ya zeituni, utambi wa kitani.

Kalibu: vikombe viwili vya kahawa, maana hawapo wa kuvinywea. Udongo: wa falaj, mfereji unaopita ukutani kwangu. Mafuta: yale ya zeituni ninayochulia goti. Kitani sina. Nimekata kishada cha dishdasha, kanzu yangu ya Idi, kile kinachoning'inia shingoni na kutiwa marashi ya attari. Tanuri nimeliruka. Jua la Oman halitoshi?

Imetoka kama bata aliyekaliwa. Nimeianika darini.

Jumanne, 14 Januari

Magharibi nimeiwasha, ipate masizi ya kizee. Nikazima umeme kuona Warumi walionaje. Nimekaa nayo muda mrefu. Nimeisimulia hata habari za Unguja nilikokulia, ikanisikiliza. Kuizima kumenitia uchungu, sikutegemea.

Nimeifukia nusu chini ya mgomba, nikapiga picha kwa mbali, nikamtumia Khulood. Lenzi niliipaka mafuta kidogo, isione sana.

Khulood kajibu papo hapo! Kasema nisiiguse, niifunike na udongo vile vile, anakuja Ijumaa. Ijumaa! Nimefagia nyumba yote. Nimefagia na uchochoro.

Jumatano, 15 Januari

Harub kaja, kasikia habari, ataka kunisaidia kuchimba. Nimemwambia goti limenikaa vibaya, daktari kanikataza shamba kabisa. Kaniangalia kwa huruma. Mjinga!

Alhamisi, 16 Januari

Msiba! Leo zamu yangu ya maji. Harub kaamka alfajiri, kafungua falaj kwa niaba ya mgonjwa, kanywesha shamba langu lote. Kaja mlangoni na matope mpaka magotini, anatabasamu, ati majirani ni wa nini. Nimelazimika kumshukuru.

Nimekimbia mgombani. Taa imekuwa uji.

Nikaendesha gari hadi Firq, kwa fundi mmoja wa vyuma, Muhannad. Kasema taa ya shaba ataimimina, nilete shaba. Shaba nyumbani kwangu ni moja: dele la kahawa la marehemu mke wangu, Mahbouba. Nilikuwa nimelichukua. Nililiweka juu ya meza yake. Kabla hajaligusa nikalinyakua, nikatoka bila kuaga, nikalia garini.

Ijumaa, 17 Januari

Khulood kaja na brashi na vijiko vidogo. Kanibusu mkono, kapiga magoti chini ya mgomba. Kafukua matope. Matope tena. Kisha kishada, kizima, kimeungua ncha tu. Kakinusa. Attari ile alininunulia mwenyewe.

Nikamweleza kwamba Warumi nao huenda walivaa dishdasha.

Kacheka mpaka akaketi matopeni. Halafu akalia kidogo. Kasema: baba, ukinitaka sema njoo tu, nitakuja, hata wiki ijayo. Tukanywa kahawa ya dele la mama yake, kwa vikombe vile vile viwili. Harub kaona gari, kaja na baraza lake lote. Nyumba ilijaa! Kahawa nimepika mara mbili. Hakuna aliyeuliza taa iko wapi.

Khulood kaondoka baada ya alasiri.

Jumamosi, 18 Januari

Kimya. Vikombe nimeviosha. Harub kaniita barazani kwake. Nimesema nina kazi.

Nimeshika simu nimwambie Khulood njoo. Nimeiweka. Nimeishika tena. Mtu humwitaje mwanawe kutoka Sur hivi hivi, bila ya sababu?

Nimelitafakari kosa langu kwa moyo mweupe, na nimeliona. Udongo haukuchomwa. Kesho nakwenda Firq kuulizia tanuri.