Tau na Mgeni wa Barazani

Jumatatu, 4 Novemba 2024
Nimekula tena nje ya nyumba yangu. Siku ya tisa! Soraya, mke wangu, alinitandikia mkeka barazani, akaninawisha mikono kwa adabu zote, akasema: "Mugeni, ikala hapa inje. Bwana yangu hayiko." Mwanamke wa heshima hamwingizi mwanamume ndani mumewe akiwa safarini. Sawa kabisa. Ila mumewe ni mimi, miaka arobaini na moja! Binti yetu Hawa huniombea ruhusa ya kuingia jioni akirudi kutoka sokoni. Mpaka hapo, mimi na mbuzi.

Na Faradji, jirani mwenye duka, akipita Soraya humwita kwa jina. La kwake analikumbuka!

Jumanne, 5 Novemba
Kwa Daktari Blaise. Alinichorea ugonjwa unaomsahaulisha Soraya. Ndani ya seli za ubongo kuna vijia vya kusafirishia mizigo, na protini iitwayo tau huvishikilia visibomoke. Ugonjwa ukiingia, tau inabanduka, inajisokota mafundo, vijia vinaanguka, na uharibifu unasambaa seli hadi seli. Nikaelewa mara moja: barabara ya kwenda Kabambare wakati wa mvua. Mafundo yenyewe hawezi kuyaona kwa vifaa alivyonavyo hapa Kasongo, lakini ndivyo anavyodhani. Dawa ya kuyafungua hakuna. Akaniagiza nisimwache Soraya, nisimbadilishie mambo, ale vizuri.

Mwishoni sikumsikiliza sana. Nilikuwa nimeshapata mpango. Adui ni protini. Nitamkatia protini!

Jumatano, 6 Novemba
Nimeficha maharagwe, karanga, ndagala (dagaa wakavu), hata viwavi waliokaushwa. Mchana: wali na sombe tupu, majani ya muhogo basi. Soraya aliniomba radhi kwa aibu, akasema nyumba hii haijawahi kumpa mgeni sombe bila samaki. Machozi yakamtoka. Akamwita Faradji. Faradji akaleta samaki wa mto Lualaba, mkubwa kama mkono! Kipande kinono alipewa mgeni. Nilikila chote. Kilikuwa kitamu, nikajichukia.

Ijumaa, 8 Novemba
Daktari amenigombeza. Tau haitoki kwenye sufuria. Ubongo hujitengenezea wenyewe, na hata mtu mwenye afya anaihitaji. Kumbe na mimi ninayo! Nimejipima kwa kutaja majina ya ndugu zangu wote mara mbili. Niko sawa kwa sasa. Karanga nimezirudisha.

Mpango wa pili. Baada ya sala nilivaa kanzu ya harusi (imebana tumboni), nikapiga hodi na mkoba, mume karudi safarini. Soraya alinitazama muda mrefu. Akasema bwana yake ni kijana. Akanirudisha mkekani. Faradji aliona yote. Alicheka, kisha akaacha kucheka, na hapo ndipo nilipoumia zaidi.

Jumamosi, 9 Novemba
Mvua. Soraya aliweka kiti mlangoni, yeye ndani, mimi nje. Nikamuuliza huyo bwana yake yukoje. Uso ukamng'aa. Alisema huuza chumvi kwa baiskeli hadi Kabambare na Salamabila, ana mipango mingi isiyofaulu hata mmoja, na akirudi hupiga kengele kwenye kona, naye hukimbia kumchemshia maji ya kuoga. Alisema amemkumbuka sana. Nikamwambia na mimi nimemkumbuka mke wangu. Akanipa pole.

Nilimwonea wivu kijana yule. Sijawahi kuwa mpweke hivi, na Soraya alikuwa hatua mbili tu.

Jumapili, 10 Novemba
Kengele! Kwa nini sikufikiri! Barabara zote za kichwani mwake zimebomoka, hiyo ya kengele bado inapitika. Nimeazima baiskeli, tena kwa Faradji. Anasema nizunguke tu nyumba, nipige kengele pale kwenye kona, dakika tano. Hana akili ya mipango huyu! Mtu hawezi kurudi kama hajaondoka. Daktari alisema nisimwache, lakini daktari hajawahi kuuza chumvi. Kesho alfajiri ninakwenda Kabambare. Kwa matope haya na magoti haya, kwenda na kurudi ni siku kumi, labda kumi na mbili.

Nimeagana na Soraya. Alinifungia karanga za njiani. Akanishika mkono, akasema: "Mugeni, ukimukuta bwana yangu mu njia, umwambie arudi mbio."

Nitamwambia.