Tunaomba Mtuteke Rasmi

Kijiji cha Sagualao,
Kisiwa cha Guam,
Februari 1900.

Mheshimiwa Gavana wa Marekani,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba joto letu limeanza kukuzoea. Mimi ni Venancio Quitugua, mkuu wa kijiji cha Sagualao, nyuma ya kilima cha kijiji jirani cha Putian. Naandika kwa unyenyekevu mkubwa kulalamika kwamba taifa lako liliteka Guam nzima mwaka juzi, likatuacha sisi.

Sisemi mlifanya makusudi. Mlikuwa na shughuli nyingi: Hawaii, Puerto Riko, Ufilipino, zote kwa mkupuo mmoja, na mtu aliyebeba vitu vingi hivyo lazima kimoja kimdondoke. Lakini kilichodondoka ni sisi, na malalamiko yetu ni haya:

1. Hatukusikia mizinga. Meli yenu ilipofyatua bandarini, watu wa Putian walitoka nje wakatazama. Tunaambiwa Wahispania wenyewe walidhani ni salamu, wakaja kuomba radhi kwamba hawana baruti ya kuitikia. Sisi tulikuwa mashambani na upepo ulikuwa unavuma kuelekea kwenu. Sasa kila mtu wa Putian anadai kombora lilimpita juu ya kichwa. Yuko mzee mmoja kiziwi kabisa, naye anaeleza mlio ulivyokuwa.

2. Baadaye mlimtuma baharia mmoja, peke yake, juu ya nyati-maji wa kukodi, ana bendera na karatasi ndefu. Akasimama karibu na dimbwi la nguruwe, akaisoma karatasi yote kwa lugha yenu na kwa sauti nzuri sana. Tulidhani anauza dawa. Mke wangu Ignacia akamuuliza, "Hiyo ya tumbo ni bei gani, mwanangu?" Baharia akatikisa kichwa. Ignacia akaninong'oneza, "Pesa hataki. Mpe kuku." Akapewa kuku, akashukuru, akamfunga kwenye tandiko. Kisha akatundika bendera kwenye mshelisheli wetu. Mvua ikaanza kunyesha, akaivua haraka, akaikunja, akatueleza kwa ishara kwamba anayo hiyo moja tu na Jumapili inatakiwa Putian.

Nimelifikiria sana jambo hili, Mheshimiwa. Mtu aliyekuja na bendera akaondoka na bendera na kuku hajateka kijiji. Amekitembelea.

3. Ushindi haukufika, lakini amri zinafika bila kukosa. Nguruwe wafungwe kamba. Kila nyumba ilime bustani. Kengele ya kanisa isipigwe alfajiri. Maandamano ya harusi na ya mtakatifu wa kijiji yasipite barabarani. Tunazitii zote, maana sisi ni watu wastaarabu, lakini inatuuma kutii bila kushindwa kwanza.

4. Hapa ndipo penye donda. Binti yangu Remedios ameposwa na Justo Naputi, kijana wa Putian, mpole, mwenye nguruwe wazuri. Tulipokwenda kupanga siku, mama yake, Bi Carmela, alitukaribisha vizuri akatupa tambuu. Akatafuna kwanza, kisha akasema, "Mkwe, usinielewe vibaya. Binti yako sina neno naye. Ila sisi siku hizi ni watu wa taifa kubwa. Nyinyi mna hakika ni wa nani?"

Nikamjibu kwamba sisi ni wa hapa.

"Hapa si taifa," akasema. "Mfalme wa Hispania keshaondoka, Marekani hawawajui. Nitamwozesha vipi mwanangu kwa watu wasio na mwenyewe?"

Mume wake akaongeza kwamba tusikate tamaa, Wajerumani wako Saipan hapo karibu na wanaokotaokota visiwa, labda watatuokota na sisi. Wakacheka sana, hata Justo alicheka kidogo, akaacha alipomwona Remedios.

Tangu siku hiyo binti yangu ananiwekea chakula mezani bila kunitazama. Jana alifungua kinywa. "Baba wa wenzangu wametekwa wote," akasema. "Wewe umeshindwa nini?" Nimekuwa mkuu wa kijiji tangu enzi za Wahispania; nikainuka mezani nikaenda kutafuta wino.

5. Kwa hiyo tunaomba mje mtuteke upya, kwa utaratibu. Jumamosi baada ya misa ingefaa. Mizinga ipigwe kuelekea baharini, kwa sababu kuku wa Ignacia wanaatamia, lakini ipigwe kwa nguvu ili Putian wasikie. Upinzani tumeuandaa: shemeji yangu Silvestre atarusha mkuki mmoja, hautafika, kisha atakimbia. Tutasalimu amri kabla wali haujapoa. Kuna nguruwe wa kuchoma na tembo la mnazi. Ikiwa sheria zenu zinadai mateka, mchukueni Silvestre. Yuko nyumbani kwangu tangu Pasaka na hana haraka. Bendera tunaomba safari hii ibaki, hata ikilowa.

6. Fikiria pia heshima yako. Taifa linalotaka kuwa kubwa duniani haliwezi kuacha tundu katikati ya kisiwa. Malkia wa Uingereza akiuliza, utamwambia nini? Kwamba mlifika hadi Sagualao, mvua ikanyesha? Sikutishi, Mheshimiwa, lakini nina wino wa kutosha kuwaandikia Wajerumani.

Wasalimie mabaharia wote, hasa yule aliyechukua kuku. Ignacia anakusalimu na anauliza kama dawa ya tumbo imepatikana. Kijiji kizima kinakuombea afya njema.

Mimi wako mtiifu, mara tu utakaponiteka,

Venancio Quitugua,
Mkuu wa Kijiji

Tanbihi: Barua hii imekaa ikimsubiri mchukuzi, na mambo yamebadilika. Justo amehamia kwetu pamoja na nguruwe wake. Kule Putian walimtoza faini kwa nguruwe aliyetafuna kamba, halafu wakamtoza tena kwa kukosa kamba. Remedios aliisoma barua hii kutoka mwanzo hadi mwisho, akaniuliza, "Baba, kama hawakututeka, amri zao zinatuhusu nini?" Alfajiri ya kesho yake Ignacia alikuwa ameshafika kanisani anapiga kengele. Harusi ni Jumamosi hii, na maandamano yatapita katikati ya barabara. Bi Carmela amekuja mwenyewe kuuliza, kwa adabu ambayo sikuijua kwake, kama kwetu kuna kiwanja cha kuhamishia jiko lake.

Ningeichana barua, ila mwandiko umetoka vizuri sana. Kwa hiyo naituma, na naomba uichukulie kana kwamba haikuandikwa, na kijiji chetu kana kwamba hakipo. Kama meli imeshang'oa nanga, iende Putian ikawapigie mizinga mara ya pili. Wao wameshazoea, na yule mzee kiziwi atafurahi sana.