Picha ya Ukungu na Mdomo Wangu

Jumatatu, 5 Mei 2025

Nimeamka ukungu umejaa Nangara yote, mtaa wetu hapa Babati, hata choo cha jirani hakionekani. Raha! Nimelowesha karatasi kwanza, kama vitabu vya Wazungu vinavyofundisha. Kisha tone la wino mweusi kwa brashi ya manyoya ya mbuzi aliyoniachia Bwana Lin, yule Mchina mjenzi wa barabara aliyepanga kwetu. Bluu kidogo. Maji yakatembea yenyewe. Katikati nimeacha peupe, maana Bwana Lin alisema karatasi nayo lazima ipumue. Sijui nimechora nini. Nimekaa nikiitazama mpaka uji ukapoa, na moyo ulikuwa umetulia kabisa.

Sasa mpango. Mama Amna, mwenye gesti mpya Bagara, anataka picha moja ya mapokezi. Atachagua Jumamosi. Mzee Teodori, baba yake Edda ninayetaka kumposa, amesema hapokei mshenga wa mchoraji ambaye picha zake zinatundikwa kwa mama yake tu. Ikitundikwa gesti, Edda ni wangu. Mpinzani ni Feisal, amepeleka picha ya kiboko. Kiboko anacheka. Nani amewahi kuona kiboko akicheka?

Jumanne, 6 Mei

Mama Amna amepita kuiona. Akauliza ni nini. Bwana Lin akiulizwa hivyo alikuwa ananyamaza tu, na watu walimheshimu. Nikanyamaza. Kimya kikanishinda. Nikasema ni Ziwa Babati alfajiri. Akafurahi sana, akauliza viboko wako wapi. Nikasema wamezama.

Alhamisi, 8 Mei

Mzee Teodori mlangoni! Shikamoo nimetoa mara mbili. Akaitazama picha mpaka nikamwonea huruma. Nikakumbuka amezaliwa chini ya mlima Kwaraa. Nikamwambia ni Kwaraa, mawingu yakishuka. Macho yake yakalowa. Akasema hata njia ya kwenda kwa bibi yake anaiona. Nami nikaanza kuiona.

Jioni Feisal akaja kupeleleza. Ili asishtuke, nikamwambia hiyo ni karatasi ya kufutia brashi tu. Akaondoka akipiga mluzi. Akili ninayo.

Jumamosi, 10 Mei

Sikufikiria kwamba watakuja gesti wote pamoja. Mama Amna akawaambia wageni watazame ziwa letu. Mzee Teodori akamsahihisha kwa adabu, kwamba huo ni mlima. Mama Amna akasema ameambiwa na mchoraji mwenyewe. Mzee akasema hata yeye. Feisal, bila kuulizwa, akasema wote wamedanganywa, yeye ameambiwa ni karatasi ya kufutia brashi. Wote wakanigeukia.

Ningeweza kusema kweli, kwamba ni ukungu na furaha ya asubuhi moja. Nikasema ni Edda. Edda akasogea, akajitafuta. Akauliza lile doa jeusi ni nini. Nikasema pua.

Kiboko ametundikwa. Mzee Teodori ameondoka bila kuaga. Nimeumia sana. Edda alinisubiri nje, akaniambia aliipenda ile picha tangu alipoingia, kabla sijafungua mdomo, na alijiona kama anaelea ndani yake. Kesho atakuja kuona nyingine. Nikiweza kunyamaza, yeye mwenyewe atamwomba baba yake ampokee mshenga. Kunyamaza tu!

Jumapili, 11 Mei

Nimechora nyingine. Kijivu, bluu, na peupe pengi mno. Sijawahi kupata nzuri kama hii. Edda alikuja akitoka misa. Hakuuliza kitu. Alisimama, mabega yakamshuka, akatabasamu polepole. Nje ukungu, kwenye karatasi ukungu, na sisi wawili katikati. Nikajua nampenda kuliko gesti zote za Babati.

Lakini alikuwa kimya muda mrefu. Nikaona labda hajaelewa. Nikamwambia huyo ni baba yake, amepanda pikipiki.

Ameondoka haraka. Nadhani imemgusa.