Petroli Tatu na Jicho la Bi Barke

Magurudumu ya mbele yalikuwa yameshagusa mchanga, ya nyuma bado yako juu ya mbao zilizounganisha mashua mbili, Mkurugenzi Mkuu alipoona kwamba huo ndio wakati wa kutoa tamko. Wanaume wa kisiwa cha Koyama waliokuwa wamelibeba gari mabegani wakaombwa wasimame vile vile walivyo, kwa heshima ya taifa.

"Kuanzia leo," Mkurugenzi alisoma, "Idara ya Petroli Bora na Mwendo wa Magari inazindua Ulinganisho Mkuu wa Petroli za Okteni ya Juu. Mwananchi hatakimbia tena kwa kubahatisha."

"Bwana Mkurugenzi," akasema Tahir, mvuvi aliyekuwa chini ya bampa, "kubahatisha tutaacha. Lakini gari laniangukia."

Mkurugenzi akageuza ukurasa.

Mimi ndiye Katibu wa Ulinganisho. Naandika haya kwa sababu mjini Kismayo wapo wanaouliza kwa nini gari lipelekwe kupimwa mwendo katika kisiwa kisicho na gari wala barabara. Swali ni zuri na jibu lake ni jepesi. Kismayo kuna magari, na magari hayo yamejaa barabarani. Kuna bajaji, kuna vizuizi, kuna ngamia wanaovuka bila kumtazama mtu usoni. Hakuna petroli iliyowahi kuonyesha uwezo wake ikiwa nyuma ya ngamia. Koyama, maji ya bamvua yakitoka, hubaki uwanja mpana wa mchanga mgumu, usio na foleni hata ya watu wawili. Mkurugenzi aliuita Barabara Kuu ya Majaribio. Hufunguliwa na kufungwa na bahari, jambo ambalo katika ripoti tumelieleza kuwa ni matengenezo ya kawaida.

Mambo ya okteni nimejisomea mwenyewe, polepole. Nilichoelewa ni kwamba okteni si nguvu. Ni uvumilivu. Petroli yenye okteni ya juu hubanwa ndani ya injini, ikabanwa tena, na haijilipui mpaka iamriwe. Nilimweleza Mkurugenzi kwamba gari letu ni dogo, injini yake haibani sana, huenda isione tofauti yoyote. Alifikiri kidogo. Akasema petroli inayobanwa bila kulipuka ndiyo inayofaa katika utawala bora. Nikaliandika.

Tulileta petroli tatu, kila moja katika dumu la rangi yake: Najma Super, Radi Tisini na Nane, na Duma Plasi. Tahir, ambaye zamani alipakua mapipa bandarini, aliyatazama madumu kwa huruma.

"Hizi zote zashuka meli moja," alisema. "Zikifika nchi kavu ndipo hupewa majina."

"Hata mapacha hupewa majina tofauti," Mkurugenzi akajibu. "Na kila mara mmoja huwa mwerevu zaidi."

Gari liliposhuka, Mkurugenzi akaziamuru mashua za Idara zirudi Kismayo. Nahodha alipewa amri ya maandishi: aje tena matokeo yakiwa tayari, akiwa na mpiga picha.

Hapo ndipo alipokuja Swabra. Swabra ana boti ya mashine, na wiki ile ndiyo pekee iliyokuwa nzima kisiwani. Petroli yake tulikuwa tumeifunga kwa lakiri asubuhi, pamoja na petroli nyingine zote za Koyama. Sababu ni kwamba petroli isiyo na jina, ikiachwa izurure karibu na sampuli, huweza kuathiri matokeo. Huathirije, sikuambiwa.

"Ami Katibu," alisema, "mama yangu ana jicho. Daktari wa macho aliyekuja Kismayo aondoka kesho adhuhuri. Safari iliyopita tulimkosa, likafa jicho la kushoto. Limebaki hili. Nifungulieni dumu moja tu, nimpeleke."

Mama yake, Bi Barke, alikuwa amekaa juu ya kasha la samaki, jicho la kushoto limefungwa kitambaa, lile la kulia likitoka machozi.

Nilimtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi alitazama saa.

"Ulinganisho ukiisha, petroli yote itaachiwa."

"Utaisha lini?"

"Utakapotoa mshindi."

"Na zikitoka sare?"

"Petroli za okteni ya juu hazitoki sare, dada."

"Mchu apofuka, nanyi mwashindanisha madumu!" Swabra alifoka. Mchu, kwa lahaja ya Koyama, ni mtu.

Bi Barke akageuza uso kuielekea sauti ya Mkurugenzi, akamwita kwa Kisomali. "Waryaa, wewe mwenye kusema. Hicho cheupe mbele yangu ni gari au ni ukuta wa msikiti?"

"Ni gari, mama," alisema Mkurugenzi.

"Mbona haliendi?"

"Litakwenda. Twasubiri maji."

"Basi ni boti," akasema Bi Barke, akajifuta jicho.

Jua lilikuwa kali, na petroli haipendi jua. Nilimkabidhi Tahir yale madumu matatu ayaweke kivulini. Sikumwambia zaidi, wala yeye hakuuliza zaidi.

Maji yalipotoka tukamimina Najma Super. Mkurugenzi alishika usukani mwenyewe. Gari lilikohoa, likatoa moshi wa buluu, likaondoka kwa mwendo wa bibi harusi anayesindikizwa. Liliporudi tukaikamua Najma yote kutoka kwenye tangi, tukairudisha dumuni, tukaweka Radi. Moshi ukawa mzito zaidi, hata ndege waliokuwa wakidonoa kaa wakahamia upande wa pili wa kisiwa. Mkurugenzi alishuka macho mekundu, uso umejaa furaha.

"Umeona moshi ule, Katibu? Ile ndiyo okteni."

Nikaandika: moshi, wa kutosha. "Na mwendo, Mheshimiwa?"

"Mwendo tutaukuta kwenye Duma."

Akalizungusha gari aipe Radi nafasi ya mwisho, akaenda nalo mbali, karibu na ukingo wa maji. Huko likazima. Tulipofika nilifungua plagi. Ilikuwa nyeusi na imelowa mafuta. Nilirudi kwenye madumu, nikanusa la kwanza, la pili, la tatu.

"Tahir, petroli hii umeitia nini?"

"Oili," alijibu, kwa uso wa mtu aliyefanya wema. "Kikombe kila dumu. Ile nzuri."

"Nani alikuambia?"

"Niambiwe na nani, Ami? Petroli haikai kavu Koyama. Dumu likishuka pwani, mchu hutia oili kwanza, ndipo huulizana habari. Ukiiacha kavu, mwingine ataichukua akidhani tayari, mashine ikamwungulia katikati ya bahari. Amekufa mchu hivyo hapa."

Alikuwa na haki. Mashine za boti za kisiwani hunywa petroli iliyochanganywa na oili. Bila oili huungua. Gari ni kinyume chake. Kwa kuwa Koyama haijawahi kuwa na gari, hakuna aliyewahi kuhitaji kulijua hilo.

"Zote tatu?" Mkurugenzi aliuliza.

"Zote tatu, kikombe kile kile. Siwezi kuipendelea moja nikaionea nyingine."

Ulinganifu kama ule sisi wenyewe tusingeupata. Lakini Mkurugenzi alikaa juu ya dumu la Duma, akajishika kichwa. Ilikuwa imetayarishwa hafla Kismayo. Wauzaji wote watatu walikuwa wamealikwa, na kila mmoja alikuwa ameshaahidiwa faraghani kwamba petroli yake ndiyo itakayoshinda. Mshindi alihitajika. Kwa hakika walihitajika watatu.

Swabra alisogea. "Bwana Mkurugenzi, petroli yenu yataka mashine. Gari lako halitaila hiyo tena. Yangu itaila kama halua. Mwataka mwendo? Kutoka hapa mpaka Kismayo hakuna ngamia hata mmoja. Pima."

"Boti si gari," alisema Mkurugenzi.

"Maji yaja," akasema Bi Barke, ambaye alikuwa anayasikia.

Sote tukatazama. Bahari ilikuwa inaifunga Barabara Kuu ya Majaribio. Povu la kwanza lilikuwa limeshapita chini ya gari na kutokea upande wa pili.

"Kwa madhumuni ya Ulinganisho," alisema Mkurugenzi, "boti ni gari." Akafikiri, kwa sababu ni mtu wa kufikiri. "Lakini lazima pawe na mzigo wa kipimo. Mzigo ule ule kwa petroli zote tatu, ama matokeo yatakuwa batili. Tafuteni saruji."

"Saruji Koyama?" Tahir alicheka. "Sisi twajenga kwa mawe ya pwani, bwana."

Swabra alimshika mama yake mkono, akamwinua. "Huyu hapa. Habadiliki. Tangu nizaliwe ni huyu huyu."

Nikasubiri. Mkurugenzi alimtazama Bi Barke, akalitazama gari, ambalo sasa lilikuwa na maji mpaka kwenye vitovu vya magurudumu, akatikisa kichwa kukubali. Nikamsajili.

"Umeniandika nani?" Bi Barke aliniuliza.

"Mzigo wa Kipimo, mama."

"Alhamdulillahi. Kwa wanangu nimekuwa mzigo muda mrefu, lakini serikali haikuwahi kukiri."

Tulipoipeleka boti majini, Mkurugenzi alikuwa wa kwanza kuinua kanzu ili apande. Swabra alimzuia kwa adabu, kiganja kimoja tu.

"Ukipanda wewe, uzito wabadilika. Wasemaje mwenyewe? Batili."

Mkurugenzi alinigeukia. Sikutaka kuharakisha hukumu, nikalipima jambo hilo pande zote. Uzito wake ulikuwa dhahiri. Zaidi ya hayo, mali ya umma haiachwi bila mtumishi wa umma, nasi watumishi tulikuwa wawili tu, na mwenye kupima ni Katibu. Nilimweleza hivyo kwa sauti ya chini. Alisema mantiki hiyo ni nzuri. Alisema pia maneno mengine, lakini mashine ilikuwa imeshawaka.

Tulikwenda kwa Najma Super, na Radi iliyobaki dumuni tukaipakia ya kurudia. Boti ilikimbia bila kukohoa. Bi Barke alijifunika mtandio dhidi ya chumvi, na kila boti iliporuka wimbi alisoma dua. Swabra hakupunguza mwendo hata mara moja. Kila aliponiona naandika aliniuliza, "Ami, daktari hatakuwa amefunga?" nami nikamjibu kwamba hilo halimo katika vigezo vyetu, lakini namuomba Mungu.

Daktari hakuwa amefunga. Alilimulika jicho kwa kurunzi, akainama, akalimulika tena, huku Swabra akivunja ukucha. Kisha akasema litaokolewa, atalifanyia kazi kesho asubuhi kabla hajasafiri, na mgonjwa alazwe. Baada ya hapo asitikiswe na boti mpaka muuguzi aridhike. Swabra alikaa sakafuni, akalia bila kujificha. Bi Barke alimpapasa kichwa, akamkosa, akampata.

Simu yangu ililia. Ilikuwa namba ya Tahir, lakini sauti ilikuwa ya Mkurugenzi.

"Katibu! Maji yamefika vioo vya gari. Njoo na Radi sasa hivi unichukue."

"Mheshimiwa, siwezi. Mzigo wa Kipimo umelazwa."

"Tafuta mzigo mwingine!"

"Ulisema uwe ule ule."

Nilisikia bahari, na nyuma yake Tahir akiuliza kama Mheshimiwa atakula papa mbichi au mkavu.

"Basi mwamuru nahodha alete zile mashua."

Nilikuwa nimeshakwenda kumuuliza nahodha. Alinionyesha amri: mashua zirudi matokeo yakiwa tayari. Akasema amri ya maandishi haifutwi kwa simu. Inafutwa kwa maandishi, yenye sahihi ya Mkurugenzi mwenyewe. Na Mkurugenzi mwenyewe yuko Koyama. Nilimweleza haya yote taratibu, mpaka simu ya Tahir ikaisha chaji.

Kazi haijakamilika. Najma Super imepimwa. Radi Tisini na Nane nimeiweka kivulini karibu na hospitali, na Swabra amekubali kuitumia kumrudisha mama yake atakaporuhusiwa. Duma Plasi iko kisiwani na Mkurugenzi. Ndiyo itakayomleta, Mzigo ukiwa tayari kusafiri tena. Bi Barke amesema atafikiria. Anasema ana dada yake hapa mjini ambaye hajamwona siku nyingi, na akifunguliwa jicho angependa kwanza kumtazama.

Kesho asubuhi nitakuwa mlangoni kwa daktari.