Uzinduzi wa Pipa la Oili, Kuze

Waheshimiwa wageni wa heshima, wageni wasio wa heshima lakini mliowahi viti, masharifu, mashekhe, mapadri, wazee wa Kuze na vitongoji vyake, Mstahiki Naibu Msaidizi wa Katibu wa Muda, Bwana Chirau mlinzi wa lango (lango lenyewe li njiani laja), Bi Mwanarusi mwenye lori, akina mama wa kaimati, mabibi na mabwana: asalaam aleikum, na kwa upande wa pili, Bwana asifiwe.

Mimi, Abdulkadir bin Ziad, Mwenyekiti wa Kamati Andalizi ya Kituo cha Kimataifa cha Kupimia Uzito wa Oili za Malori, nasimama mbele yenu nikiwa mnyenyekevu kupita mwenyekiti yeyote aliyewahi kusimama hapa, ili kuzindua mradi ambao, kwa mujibu wa fizibiliti stadi niliyoifanya mwenyewe kibarazani kwangu, utarefusha maisha ya injini zetu kwa asilimia mia moja na kumi na mbili, na hizo kumi na mbili ni za ziada, ni zawadi yangu kwenu. (Makofi. Mtu akohoa.)

Ndugu zangu, malori ya miaka hii ya tisini si yale ya babu zetu yaliyokunywa chochote. Haya yana turbo, na turbo, kwa lugha ya kitaalamu, ni kidude kinachozunguka kwa kasi kuliko ulimi wa jirani yangu Ummulkheir. (Kicheko. Ummulkheir: "Nakusikia, Abdulkadir!") Kidude hicho chataka oili, na ni oili gani, hapo ndipo wataalamu wa dunia walipokwama, mpaka mimi, mjukuu wa mpishi wa halua, nilipowafungulia njia: wachovya kidole cha shahada, wakibana na gumba, waviachanisha taratibu. Ikivuta uzi kama shira ya kaimati, hiyo ndiyo oili. Isipovuta, hayo ni maji, mpe adui yako. Wahandisi wa Kijapani walikuja kibarazani wakaniona nikibana, wakalia machozi. Mmoja alitaka kukinunua kidole hiki. Nikakataa kwa maslahi ya taifa. (Makofi marefu.)

("Mwenyekiti!" Ni Bi Mwanarusi, amesimama. "Safari iliyopita ulinitilia hiyo oili yako ya shira. Lori likalala Limuru kwenye baridi, alfajiri dereva wangu Katana akaliwasha, injini ikagonga kama mafundi wa mabati. Oili imekuwa nzito haipandi, turbo ikakauka, ikafa! Nimetia mpya, na lori laondoka leo baada ya alasiri. Kifuniko cha injini kimeandikwa kumi na tano dabliu arobaini, nami nimenunua hiyo hiyo, lakini pipa langu silioni mlangoni tangu asubuhi. Turbo hii nayo ikifa, sina lori tena!")

Swali zuri sana, mama, na nitalijibu kwa kulizunguka pande zote. Hiyo kumi na tano ni ya baridi, yaani oili isiwe nzito ikachelewa kupanda asubuhi. Na arobaini ni ya moto, yaani isiwe maji injini ikichemka mlimani. Kamati yangu imelitambua jambo hilo (Sauti: "Lini?") hivi sasa, na yatangaza rasmi kwamba yaliyotokea Limuru hayakuwa hitilafu bali ni utafiti wa nyanjani, ambao Bi Mwanarusi aliufadhili kwa uzalendo wa hali ya juu. (Bi Mwanarusi avua kiatu. Wanawake wamshika.)

Wako wanaouliza: lori litaingiaje Kuze, ambako mikokoteni miwili ikikutana mmoja sharti urudi nyuma? Haliingii! Oili ndiyo italifuata lori, kwa mabirika, mpaka Majengo, malori yanakoegeshwa. Awamu ya pili, tutaagiza malori membamba. (Vifijo, hasa vya wasio na malori.)

Na sasa, nafunua! (Avuta shuka. Pipa jekundu. Bi Mwanarusi: "Wallahi, pipa langu hilo!")

Oili safi! Mwaitikia, injini safi! Kidole juu! (Vidole vitatu, kimoja cha mtoto mchanga.)

Kwa kumalizia, namshukuru Ummulkheir kwa shuka, ambayo aihitaji kitandani. Mwenye duka la halua kwa ubao wa kituo, ambao msiugeuze. Bwana Chirau kwa kulilinda lango ambalo, kusema kweli, halikuagizwa, sawa na mizani, maabara, na kamati yenyewe, ambayo ni mimi. Na zaidi ya wote Bi Mwanarusi, kwa pipa hili tulilomwazima alfajiri bila kumsumbua usingizini, ambalo ndilo kituo chote kwa ukamilifu wake, na ambalo naona Katana ameshalilaza analibingirisha kuelekea Majengo. Kata utepe, Chirau, upesi, mradi usije ukapiga kona!